Daftari la Msomaji: Nafasi ya Tafakuri ya Maandishi katika Malezi ya Mwalimu wa Kiswahili



Mwalimu wa fasihi huundwa na mambo mawili: vitabu alivyovisoma, na namna alivyovisoma. Vyuo vyetu hulisimamia lile la kwanza kwa orodha ya vitabu teule. La pili tumeiachia miongozo ya mitihani. Matokeo yake tunayajua: mwanachuo hukariri dhamira na wahusika wa riwaya ambayo pengine hajaifungua, kisha huenda kuwakaririsha wengine.

Mwaka 1910 John Dewey, katika How We Think, alitenga fikra zinazopita tu akilini na tafakuri, yaani kuichunguza imani kwa kuangalia misingi yake na yale yatokanayo nayo. Mwaka 1938 Louise Rosenblatt, katika Literature as Exploration, alisisitiza kwamba maana ya kazi ya fasihi huzaliwa pale matini na msomaji wanapokutana. Nikiyaunganisha mawazo hayo, napendekeza kila mwalimu mtarajiwa awe na daftari la usomaji. Humo haandiki muhtasari. Huandika kilichomgusa, alichokipinga, na swali lililombakia. Kisha, baada ya majuma kadhaa, hurudi akajijibu.

Naomba nitoe mfano. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashitakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Hujitetea kwa siku sita, akisimulia habari za wajumbe waliotumwa nje, wakarudi na mapendekezo ya manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Mwanachuo wangu mmoja aliandika kwanza yale yaliyomo katika kila mwongozo: Karama ni mpenda haki, na waziri Majivuno ni kielelezo cha dhuluma. Hakukosea, ila yeye mwenyewe hakuwamo katika ukurasa ule. Baada ya mazoezi ya kufundisha aliongeza ukurasa mwingine. Mwanafunzi alikuwa amemwuliza kwa nini wajumbe waliendelea kukubali kutumwa, ilhali waliowatangulia walifungwa. Naye alimnyamazisha, kwa kuwa swali hilo halikuwamo katika andalio la somo. Usiku ule, aliposoma tena, alijiona ameketi katika kiti cha Majivuno.

Hakuna mwongozo ungaliweza kumwandikia ukurasa huo. Kesho yake alilirudisha swali darasani.

Yako mapingamizi, na la kwanza linanihusu. Kwa miaka kadhaa niliyapa madaftari alama, nikavuna kurasa za kunipendeza mimi. Mtu akijua kwamba unyofu wake unapimwa, hujifunza kuuigiza. Siku hizi nataka tu daftari liwepo. Wanachuo husomeana wawili wawili, nami husoma ukurasa mmoja ambao kila mmoja ameuchagua. Utaratibu huo hujibu pia pingamizi la pili, la wingi wa wanachuo katika madarasa yetu.

Mwalimu asiyezoea kuyakabili maswali yake mwenyewe huyaogopa ya wanafunzi wake. Kwa hiyo naziomba idara zetu zianze na kitabu kimoja, kwa muhula mmoja, na mhadhiri naye awe na daftari lake.