Fidia kwa Anayeumia Kazini: Siku Saba za Mwanzo

Maneno ya mada iliyosomwa katika mkutano wa wakazi wa kata



Chukulieni mfano wa kijana anayepasua mbao katika karakana. Msumeno unamkata vidole viwili. Mwenye karakana, mtu mwenye huruma, anampakia kwenye bodaboda hadi kituo cha afya, analipia dawa, kisha anampa fedha kidogo akapumzike nyumbani. Kijana anashukuru. Miezi sita baadaye fedha zimekwisha na randa haishikiki.

Huruma ile haina lawama. Kasoro ni kwamba ajali haikuripotiwa popote, na kwa sababu hiyo haki iliyokuwapo kisheria ikakosa mdai.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kujisajili na kuchangia. Sekta binafsi ilianza mwaka 2015 kwa kulipa asilimia 1 ya mishahara. Tangu Julai 2022 inalipa asilimia 0.5. Karakana yenye mishahara ya shilingi 2,000,000 kwa mwezi huchangia shilingi 10,000, kiasi kisichofikia bei ya msumeno mpya. Mchango huo hutoka mfukoni mwa mwajiri peke yake. Anayemkata mfanyakazi mshahara ili aulipe anavunja sheria.

Mwajiri anayechangia hupata nafuu yake: ajali ikitokea, mzigo wa matibabu na fidia hubebwa na Mfuko, wala karakana haiuzwi ili kumtibu mtu mmoja.

Kwa upande wa aliyeumia, halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Kinachotazamwa ni kama ajali, au ugonjwa, umetokana na kazi yake. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa kwa kiwango cha asilimia 70 ya kipato chake, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Yapo pia malipo ya msaidizi kwa asiyejiweza, huduma za utengamao, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki.

Wengi hudhani kibarua hahusiki kwa kuwa hana karatasi. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba.

Mambo mengi huharibika katika utoaji wa taarifa. Mfanyakazi amjulishe mwajiri mapema, na kama hali yake hairuhusu, ndugu au mwenzake amsemee. Mwajiri naye, akishapata habari, ana siku 7 za kuufahamisha Mfuko. Madai yasicheleweshwe kupita miezi 12. Wapo waajiri wanaonyamaza kwa hofu ya kuonekana wazembe, na wapo wafanyakazi wanaonyamaza kwa hofu ya kufukuzwa. Hofu hizo mbili zikikutana, vidole viwili hupotea bure.

Basi aliyeumia ahifadhi cheti cha daktari, majina ya walioshuhudia na ushahidi wowote wa malipo yake, hata ujumbe wa simu. Mwajiri akikataa kuripoti, mfanyakazi mwenyewe au ndugu yake apeleke taarifa katika ofisi ya Mfuko au kwa afisa kazi.