Uwakili wa Umeme Maofisini Mwetu



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei na wanajumuiya, huenda mmeshangaa kwamba Kamati ya Haki na Amani imewaita hapa Lukuledi ili kuzungumzia kompyuta. Mmezoea tuzungumzie mashamba yanayogombaniwa, wajane wanaonyang'anywa urithi, na malipo ya korosho. Hayo hatujayaacha. Lakini haki huvunjwa pia kimyakimya, baada ya saa za kazi, mahali ambapo hapana mtu wa kulalamika.

Tuanze na nafsi zetu. Tumewahi kuingia Jumatatu asubuhi katika ofisi mojawapo ya Kanisa, tukakuta kompyuta zote zinawaka tangu Ijumaa, vioo vinang'aa mbele ya viti vitupu. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba mashine huharibika zikizimwa na kuwashwa kila siku. Nasi tuliamini, tena kwa miaka. Kumbe hatari iko upande wa pili: umeme hukatika usiku na kurudi kwa kishindo, na mashine iliyoachwa inawaka hudhurika.

Hebu tupige hesabu. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake, tuseme, hula wati 100. Kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi ni saa 15. Usiku wa Jumatatu hadi wa Alhamisi zinapatikana saa 60. Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 63. Kwa juma moja ni uniti 12.3 zisizomfaa mtu yeyote. Ofisi yenye kompyuta tano hupoteza kwa majuma manne uniti 246. Kwa bei ya matumizi ya kawaida iliyopangwa mwaka 2016, yaani shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ni karibu shilingi 72,000. Fedha hizo zimetoka katika kapu la sadaka. Tena TANESCO huihesabu nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi kuwa ya matumizi madogo: basi vile viti vitupu vimekula umeme wa nyumba tatu za namna hiyo, na zaidi.

Na umeme huo unatoka wapi? Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na kuanzia mwaka 2007 mitambo ya Mtwara ikaigeuza kuwa umeme wa mikoa yetu. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipinga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam. Katika vurugu za mwezi Mei damu ilimwagika. Hatuja kuhukumu leo nani alikosea. Tunauliza jambo moja tu: sisi tuliodai kwa sauti kubwa kwamba gesi hii iwafae watu, twawezaje kuiunguza usiku kucha kwa ajili ya kioo kisichotazamwa? Gesi ikishaungua hairudi ardhini.

Wapo watakaosema kwamba wapotezaji wakubwa ni viwanda na nchi tajiri. Ni kweli, na tuendelee kuwadai. Lakini Bwana wetu, alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi kukusanya mabaki, ingawa yeye mwenyewe angeweza kuzidisha mikate tena. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, hakuona haya kutaja kuzima taa zisizohitajika miongoni mwa matendo ya kutunza viumbe.

Kwa hiyo tunaomba kila ofisi imteue mtu mmoja wa kuzima mashine jioni, na swichi ya ukutani pia, maana kifaa cha kuhifadhia umeme nacho huendelea kula. Mlinzi asibebeshwe kazi hii. Hajui nani hajahifadhi maandishi yake. Kisha karani asome mita ya LUKU Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, aandike daftarini. Jokofu na taa za ulinzi zitakuwa na sehemu yao, nazo ziandikwe kando. Halmashauri ya walei iletewe daftari hilo katika kikao kijacho, pamoja na hesabu za sadaka.