Likizo Ndefu na Somo la Uchumi: Maandalizi Yaanzie Sokoni

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Busia mbele ya wanafunzi wa Gredi ya 9 na wazazi wao, mwanzoni mwa likizo ndefu.)

 

Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, na tangu hapo swali moja limekuwa likirudi kwa wazazi wa wanafunzi waliochagua mkondo wa Sayansi ya Jamii. Mtoto anasema anataka kusoma uchumi. Je, likizo hii asome nini? Wengine wameshapita madukani kuuliza bei ya vitabu vya somo la Biashara, maana humo ndimo mwanafunzi wa Kenya anapokutana kwanza na uchumi: mahitaji na ugavi, pesa na benki, mapato ya taifa, mfumuko wa bei, biashara ya kimataifa. Jirani zetu wa Uganda wana somo la Uchumi peke yake kuanzia kidato cha tano.

Kabla mzazi hajatoa pesa ya kitabu, asikie habari moja ya hapa hapa nyumbani. Mwaka 1996 watafiti walichukua shule za msingi 100 katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo. Shule 25 zikapewa vitabu vya kiada kwanza, nyingine zikasubiri. Kila mtu alitarajia alama zipande. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009 na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, wastani wa alama haukuwa umepanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele darasani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Kitabu kilifika mikononi lakini msomaji hakuweza kukiingia.

Kwa hiyo mwanafunzi anayefungua kitabu cha uchumi Novemba na kukariri maana za maneno ambazo hazijamgusa anarudia safari ile ile. Kitabu kitakuja kwa wakati wake. Kwanza apate maswali ambayo kitabu hicho kinajibu, na maswali hayo hayauzwi dukani.

Huyo Michael Kremer si mgeni wa magharibi mwa Kenya. Miaka ya 1980, akiwa kijana, alifundisha shule ya sekondari huku kwetu. Baadaye akarudi kama mtafiti, na mwaka 2019 yeye, Abhijit Banerjee na Esther Duflo wakapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Sehemu kubwa ya kazi iliyomjengea jina ilifanyika Budalangi na Funyula, ambako kuanzia 1998 wanafunzi wa shule 75 walipewa dawa za minyoo kwa awamu. Utoro ulipungua kwa robo. Wakati watu wengi walidhani dawa ya kumrudisha mtoto darasani ni kiboko au sare mpya, kidonge cha bei ndogo kilifanya kazi hiyo.

Lakini mfano unaomfaa zaidi mwanafunzi wa likizo ni ule wa mbolea, kwa sababu anaweza kuukagua nyumbani kwao.

Duflo, Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio katika mashamba ya mahindi hapa Busia. Waliona kwamba mbolea ya kukuzia, hata nusu kijiko cha chai kwa kila mmea, huleta faida nzuri. Wakulima walioshiriki walijionea kwa macho yao. Walipoulizwa kama watatumia mbolea msimu unaofuata, karibu wote walisema ndiyo. Msimu ulipofika, waliotumia hawakufika nusu.

Mtu wa haraka angesema ni uvivu, au wakulima hawajaelimika. Watafiti walitazama kalenda. Pesa ya mkulima huja wakati wa mavuno, na mbolea ya kukuzia huhitajika miezi kadhaa baadaye. Katikati hapo kuna karo, kuna mgonjwa, kuna matanga, kuna shemeji aliyefika na shida ya kweli. Wakati mahindi yanafika magotini, pesa imekwisha na nia njema imebaki. Basi wakajaribu jambo dogo. Mara tu baada ya mavuno, afisa alimtembelea mkulima nyumbani. Mkulima alilipa bei kamili ya mbolea, akapewa hati, na mbolea ikaletwa baadaye bila yeye kulipia usafiri. Mpango huo uliitwa SAFI. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, lakini aliyelichagua jina hilo alijua anazungumza na nani. Matumizi ya mbolea yaliongezeka kwa kati ya asilimia 47 na 70. Ongezeko hilo liliwapita wakulima waliopunguziwa bei kwa nusu lakini wakasubirishwa hadi wakati wa kuweka mbolea. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2011.

Hapo kuna kazi ya kwanza ya likizo. Mwanafunzi aketi na mama, baba au nyanya, aulize kwa heshima: mahindi ya mwisho yaliuzwa lini, pesa ilikaa siku ngapi, na ilikwenda wapi? Si kwa kuwahoji wakubwa kama polisi. Mzazi naye asione anavunjiwa heshima. Mtoto anajifunza kuwa nyumba yao ina maamuzi, na kila uamuzi una kitu kilichoachwa. Hicho kilichoachwa ndicho walimu watakiita gharama ya fursa.

Kazi ya pili inahitaji daftari moja la miraba. Achague bidhaa tatu, tuseme gorogoro ya mahindi, gorogoro ya omena na nyanya. Kila siku ya soko aandike bei, na pembeni aandike sababu aliyopewa na muuzaji: mvua, barabara, mzigo umechelewa kutoka Uganda. Aende asubuhi. Mama mboga hana nafasi ya kujibu maswali saa kumi na moja jioni wateja wakiwa wamemzunguka. Baada ya wiki sita atakuwa na mchoro wa bei aliouchora kwa mkono wake, na siku mwalimu atakapochora mistari ya mahitaji na ugavi ubaoni, yeye atakuwa na jina la soko na sura ya muuzaji.

Aongeze ukurasa wa nauli. Tarehe 14 ya kila mwezi mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya za mafuta. Aandike bei ya petroli, kisha nauli ya matatu na ya bodaboda katika njia yake. Petroli ikipanda, nauli huwa haina subira. Ikishuka, mwanafunzi akae na kalamu mkononi aone itachukua siku ngapi, na aulize kwa nini.

Neno bodaboda lenyewe ni mali ya mpaka huu. Lilianza kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwabeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Palikuwa na umbali wa kutembea, palikuwa na mizigo, mtu akaona kazi. Na mpaka una somo jingine ambalo mwanafunzi wa Nairobi atalisoma kwenye karatasi tu: pesa mbili katika mji mmoja. Mama anayenunua nyanya upande wa pili hulipa kwa shilingi ya Uganda. Shilingi ya Kenya ikidhoofika, nyanya zile zile zitamgharimu zaidi hata kama mkulima hajaongeza bei hata senti. Mwanafunzi aandike kiwango cha kubadilisha fedha mara moja kwa wiki, kando ya bei ya nyanya.

Kuhusu lugha, daftari liwe na kurasa mbili za mwisho zilizogawanywa safu mbili. Upande mmoja neno la Kiingereza atakalokutana nalo redioni au gazetini, upande wa pili maelezo yake kwa Kiswahili, Kisamia au Kiteso, kwa maneno ambayo nyanya yake angeelewa. Asipoweza kulieleza hivyo, alijue kuwa bado hajalielewa.

Bajeti ya kaunti nayo ni kitabu cha uchumi kisichouzwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Ukweli usemwe, nyaraka hizi huandikwa kwa lugha inayochosha, na hilo ni kosa la waandishi wala si la msomaji. Inatosha kuitafuta wodi yako na kuona kilichopangwa. Vikao vya maoni ya umma viko wazi kwa wananchi, na kijana anaweza kuandamana na mzazi wake.

Haya yote hayapaswi kuzidi saa moja kwa siku. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na sababu yake ni njema. Watoto wapumzike, wasaidie nyumbani, wacheze.

Limebaki jambo la hesabu, na hapa wazazi wasikilize kwa makini. Wapo wanafunzi wanaoukimbilia uchumi wakidhani wameikimbia hisabati. Bei ya gorogoro ikipanda kutoka shilingi 100 hadi 130, imepanda kwa asilimia 30. Ikirudi kutoka 130 hadi 100, imeshuka kwa asilimia 23 tu. Mwanafunzi ambaye haoni kwa nini namba hizo mbili zinatofautiana, likizo hii arudie asilimia na michoro kabla ya jambo jingine lolote. Tena kuna hisabati za aina mbili katika sekondari pevu: ile kamili ya mkondo wa sayansi, na ile ya msingi iliyowekewa mikondo mingine. Anayetaka kusoma uchumi hadi chuo kikuu atakutana na hisabati nzito huko. Mzazi aulize shule aliyopangiwa mtoto kama mwanafunzi wa Sayansi ya Jamii anaweza kuchukua ile kamili, na aulize sasa, kabla orodha za madarasa hazijapangwa Januari.