Riba ya Ubaoni na Riba ya Mtaani



Mmetualika tuzungumze juu ya kuwafundisha watoto wa shule za serikali matumizi ya fedha, nasi tunawashukuru. Wengi wakisikia maneno hayo hufikiria kibubu. Kuweka akiba ni jambo jema, lakini mtoto anayehesabiwa nauli kila asubuhi hahitaji kuhubiriwa habari za akiba. Huenda anajua kubana matumizi kuliko sisi tuliokaa meza kuu. Leo tutasema zaidi habari ya mkopo, kwani ndiko maumivu yaliko.

Kanuni ya riba hufundishwa tangu shule ya msingi: mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa mia. Mwanafunzi huikariri, akapata vema zake, akafunga daftari. Katika daftari hilo riba huwa ni ya mwaka. Mtaani ni ya mwezi, na pengine ya wiki. Kijana akiambiwa “asilimia 20 tu”, sikio lake husikia ile ya ubaoni.

Hebu tuifanye hesabu hiyo pamoja. Mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Mwezi ukiisha anadaiwa 120,000. Hana. Mkopeshaji, kwa upole kabisa, anamwambia asihangaike, riba itajumlishwa kwenye deni. Baada ya miezi sita deni limefika 298,598. Likiachwa hivyo mwaka mzima, linakuwa 891,610. Asilimia haikubadilika hata siku moja, na karatasi aliyotia saini haikusema uongo. Kilichompita ni neno “mwezi”, lililoandikwa mara moja.

Mara nyingine gharama hujificha kwenye ada. Mkopo umeandikwa 100,000, lakini 15,000 zimekatwa kabla fedha hazijaingia kwenye simu. Mwisho wa mwezi anatakiwa kulipa 115,000. Yeye alipokea 85,000, kwa hiyo amelipia 30,000, ambayo ni zaidi ya asilimia 35 ya alichokishika mkononi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa hesabu hii bila taabu. Hajawahi kupewa, basi.

Mikopo ya namna hii wananchi wameipa jina lake, kausha damu, na jina hilo halihitaji kamusi. Sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Lakini programu ikifungiwa kwa jina moja, yaweza kurudi kwa jina jingine. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe pia kusoma ile ruhusa anayoombwa kabla programu haijafunguka. Akikubali isome majina yaliyo katika simu yake, siku akichelewa kulipa, shangazi na mwalimu wake wataletewa ujumbe wa kumdhalilisha.

Si kila deni ni mtego. Kijana wa kidato cha sita anayeomba mkopo wa elimu ya juu anafanya jambo la busara. Hata hivyo, ajue kabla ya kutia saini kwamba, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Katika mshahara wa 700,000 hiyo ni 105,000 kila mwezi. Ni afadhali aikute darasani kuliko kuikuta kwenye hati ya mshahara.

Wenye umri wanaikumbuka DECI, iliyovunjika mwaka 2009. Watu “walipanda” fedha wakingoja “kuvuna”, na waliotangulia walivuna kweli, kwa kuwa walilipwa kwa mbegu za waliofuata. Swali la kumfundisha mtoto hapo ni fupi: faida hii inatoka kwa nani?

Walimu watatuambia ratiba imejaa, na wana haki. Hatuombi somo jipya. Tunaomba maswali ya riba yabadilishwe: mzazi alete karatasi ya mkopo wake wa zamani, majina yakiwa yamefunikwa, na darasa litafute jumla iliyolipwa. Jambo moja tunalisema kwa mkazo: kazi hii asipewe mkopeshaji. Atakuja na fulana na kofia, atafundisha vizuri, na atakapoondoka atakuwa ameacha wateja.

Tusiahidi kupita kiasi. Mama aliyekopa usiku ili mtoto apokelewe hospitali hakukopa kwa ujinga, na hakuna somo lingemwondolea dharura ile. Lakini kama mwanawe aweza kukaa naye, achukue kalamu, aipitie mikopo miwili na kumwonyesha upi una jumla ndogo, basi usiku huo atachagua akiwa anajua.

Karatasi za zoezi zipo pale mlangoni. Kila moja ina mikataba miwili ya kubuni. Kiwango cha riba kinafanana, ada na muda vinatofautiana. Chukueni moja kwa kila nyumba, na mwacheni mtoto aanze kuhesabu kabla yenu.