Kijito Kilipokauka



Somo letu limo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17. Mungu alimwagiza Eliya akakae penye kijito cha Kerithi, naye akaenda. Kunguru wakamletea chakula asubuhi na jioni. Kisha kijito kikakauka. Watoto wetu tunapenda kuwasimulia habari za kunguru. Habari za kijito tunazipita upesi.

Ninyi mlioko Isiolo hamhitaji kuelezwa jambo hilo. Mmeuona Ewaso Nyiro ukiwa mchanga mtupu, na akina mama wakichimba humo kutafuta maji. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa. Hesabu hiyo ni kubwa, haituingii moyoni. Afadhali mfikirie mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi arobaini, akabaki na watatu, na mwenye duka hamkopeshi tena.

Mtu kama huyo huulizwa na waumini wenzake, "Je, umemkosea Mungu wapi?" Swali hilo silipendi. Eliya alikuwa mahali pale pale alipotumwa. Ukame ule aliutangaza yeye mwenyewe mbele ya Mfalme Ahabu kwa neno la Bwana, wala haukumruka.

Sasa tazameni alipelekwa wapi. Alipelekwa Sarepta, nchi ya Sidoni, kwa watu wa kabila lingine na dini nyingine, kwa mjane aliyekuwa akiokota kuni apike chakula chake cha mwisho. Konzi moja ya unga! Sisi tungeona haya kumwomba mama huyo. Nabii aliomba, na mama akampa. Bwana Yesu alipowakumbusha watu wa Nazareti habari za mjane huyu, walikasirika hata wakataka kumtupa chini ya mlima.

Mvua ilirudi mwaka 2023, na kabla mwaka haujaisha ikaleta mafuriko. Nyasi zikaota. Lakini aliyepoteza mifugo aliziangalia nyasi hizo, asiwe na wa kuzila. Hapo ndipo wafugaji wa Kiborana wana desturi yao ya zamani, busa gonofa. Mtu akiishiwa, ukoo hukutana, na wenye mifugo humtolea wanyama ili aanze tena. Anayetoa naye amepitia ukame ule ule. Zizi lake nalo limepungua. Wengi wao ni Waislamu, nasi tuna la kujifunza kwao.

Jambo lingine. Hatusomi kwamba pipa la yule mjane lilijaa hata siku moja. Unga haukuisha, basi. Nadhani kila asubuhi aliinama, akaona chini ya pipa, akachota kilichokuwapo, akapika kwa ajili ya watu watatu. Pengine wewe uliomba pipa lijae, ukaona Mungu amenyamaza, na kumbe leo umekula.

Ndugu yangu, kama nyumbani hakuna kitu, usivae nguo ya Jumapili ukaficha njaa chini yake. Mwendee mzee wa kanisa, au jirani, hata kama si wa kanisa lako, umwambie. Nanyi wazee, msingoje kuambiwa. Familia ambayo haikuonekana ibadani majuma mawili, nendeni mkaitazame, na msiende mikono mitupu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya katika nyumba ya maskini, uwakumbuke leo wale ambao jiko lao halijawashwa. Tuonyeshe mlango wao kabla ya jioni. Kwa jina la Yesu. Amina.