Kuingia Shule na Kujua Kusoma



Maneno yangu leo ni machache, nayo yahusu watoto wetu wa Tanzania. Wazee watakumbuka ya kuwa mwaka 1977 watoto wote walitakiwa kuingia shule ya msingi. Mwaka 2002 ada ya shule hizo iliondolewa, na mwaka 2016 ikaondolewa mpaka kidato cha nne katika shule za serikali. Milango ikafunguliwa, watoto wakaingia kwa wingi. Neema hii ni kubwa.

Lakini kuingia shule si kujua kusoma. Nilimwona bibi mmoja akimpa mjukuu wake wa darasa la nne barua amsomee. Mtoto aliishika, akaitazama, kisha akalia. Shuleni alikwenda kila siku. Ila darasa lilijaa mno, na mwalimu hakuweza kumjua asomaye na yule aitikiaye tu pamoja na wenzake.

Ndiyo maana mwaka 2015 mtaala wa madarasa mawili ya kwanza uligeuzwa, ili kusoma, kuandika na kuhesabu vitangulie.

Basi, walimu, msikilizeni kila mtoto peke yake, ijapokuwa kwa zamu. Wazazi, jioni mpeni mtoto kitabu asome kwa sauti. Hata asiyejua kusoma atasikia akibabaika. Nanyi wenyeviti, mkutanoni msiulize tu, “Wangapi wameandikishwa?” Ulizeni pia, “Wangapi wajua kusoma?”

Samaki mkunje angali mbichi.