Istilahi Mbele ya Skrini: Kiswahili na Usomaji wa Taswira za Difraksheni ya Eksirei



Huenda baadhi yenu mmejiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika maabara ya fizikia. Jibu langu ni fupi: anatafuta vitenzi. Kwa miongo mingi uundaji wa istilahi zetu umeanzia kwenye orodha ya nomino za Kiingereza, kila moja ikatafutiwa mwenzake wa Kiswahili. Kazi hiyo imezaa matunda, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni ushahidi wake. Hata hivyo, nomino iliyoundwa na mtu asiyeliona tendo linalotajwa yaweza kumpoteza mwanafunzi. Nitalionyesha jambo hili kwa kazi moja tu: kuzisoma kwa kompyuta taswira zitokanazo na difraksheni ya eksirei.

Kwanza kazi yenyewe, kwa kuwa hatuwezi kukipa jina tusichokijua. Mwaka 1912, mjini Munich, Max von Laue, Walter Friedrich na Paul Knipping walionyesha kwamba eksirei zikipita katika fuwele hutokeza madoa yenye mpangilio kwenye bamba la picha. Muda mfupi baadaye William Lawrence Bragg akatoa kanuni inayounganisha pembe za miale hiyo na nafasi iliyopo baina ya matabaka ya atomi. Atomi huyatawanya mawimbi. Katika pande nyingi mawimbi hayo hufutana, na katika pande chache huimarishana. Sampuli ikiwa unga, ambao chembe zake zimeelekea kila upande, madoa huungana yakawa maduara yenye kitovu kimoja. Kadiri matabaka yanavyoachana ndivyo duara linavyokuwa dogo.

Tuseme urefu wa wimbi ni angstromu 0.5, na kipokezi kimewekwa milimita 200 kutoka kwenye sampuli. Silikoni, yenye matabaka yaliyoachana kwa angstromu 3.136, itatoa duara la kwanza lenye nusukipenyo cha milimita 32.2. Udongo wa kaolini, kama ule wa Pugu karibu na Dar es Salaam, una matabaka yaliyoachana kwa angstromu 7.15 hivi, duara lake litakaa ndani zaidi, milimita 14 kutoka kitovuni. Anayepima maduara, basi, anayapima madini yenyewe.

Nimesema “kipokezi” makusudi. Wengi wangesema “kigunduzi”, neno lifaalo kwa kifaa kinacholia kikikuta chuma au moshi. Chombo hiki hakigundui duara lolote. Kila pikseli hupokea mnururisho ulioiangukia na kuuandika kama namba, basi. Kinachoifikia kompyuta ni jedwali la namba, pengine milioni kadhaa, na anayegundua ni mtafiti. Kwa sababu hiyo hiyo naliweka kando neno “picha”. Programu huzipaka rangi namba zile, na mtumiaji akihama kutoka skeli ya kawaida kwenda skeli ya logi, maduara hafifu huchomoza ilhali hakuna namba hata moja iliyobadilika. Picha hupigwa, taswira hujengwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mbele yake ipo picha ataamini macho yake pale anapopaswa kuuliza ni skeli gani iliyotumika.

Programu za kazi hii ni nyingi. FIT2D, aliyoiunda Andrew Hammersley katika kituo cha sinkrotroni cha ESRF mjini Grenoble, Ufaransa, na ambayo makala yake mashuhuri yalitoka mwaka 1996, ilikuwa mwalimu wa kizazi kizima. Dioptas, ya Clemens Prescher na Vitali Prakapenka, ilielezwa katika makala ya mwaka 2015. Vitufe vimebadilika sura, matendo ni yale yale.

Tendo la kwanza ni kuifungua taswira ya unga ambao vipimo vyake vinajulikana, kama silikoni. Mtumiaji hubofya kwa kipanya juu ya maduara, nayo programu hukokotoa kitovu, umbali wa kipokezi na mwinamo wake, kwa kuwa kipokezi kilichoinama hugeuza duara kuwa duaradufu. Je, tuite hatua hii “kurekebisha”? Sioni hivyo. Kurekebisha hudai kwamba kipo kilichoharibika. Hapa kinachojulikana kinawekwa mbele ya kilichoonekana. Huko ni kulinganisha, nami napendekeza “ulinganishaji”. Na hatua hii si ya kupuuzwa. Katika mfano wetu, umbali ukiandikwa milimita 201 badala ya 200, silikoni itaonekana kuwa na matabaka yaliyoachana kwa angstromu 3.151. Mtafiti atatangaza kwamba fuwele imetanuka, kumbe ni milimita moja tu ya mezani.

Kisha huja kuficha. Pikseli zilizokufa, pamoja na kivuli cha kizuizi kinachozuia mwale mkuu, hazitakiwi kuingia katika hesabu. Programu huziita sehemu hizo kwa neno la kitu cha kuvaliwa usoni, nasi tunalo neno letu la siku nyingi: barakoa. “Kifuniko” kisingetosha, kwani chungu kikifunikwa kimefunikwa chote. Barakoa husitiri sehemu na kuacha sehemu, na uso uliositiriwa bado upo. Ndivyo ilivyo hapa: namba hazifutwi, hazihesabiwi tu.

Hatua ya tatu ndiyo inayonikera zaidi. Kwa Kiingereza huitwa kwa neno ambalo sisi, katika siasa za Afrika Mashariki, tumelitafsiri kuwa “mtangamano”. Mfasiri mwenye haraka ataliingiza humu humu, na mwanafunzi atadhani maduara yanaunda shirikisho! Tendo lenyewe ni rahisi. Programu hukusanya pikseli zote zenye pembe moja kutoka kitovuni, hujumlisha namba zao, na aghalabu hugawanya kwa idadi yake, ikachora mchoro wa vilele. Huo ni wastani, na ukichukuliwa kuuzunguka mzingo, tuuite “wastani wa mzingo”. Tukifanya hivyo, Kiswahili kitakuwa kimeeleza tendo waziwazi kuliko neno la Kiingereza.

FIT2D ina pia hatua iliyopewa jina la keki: duara hukatwa vipande kama keki, kisha vipande hutandazwa bapa, maduara yakageuka mistari iliyonyooka. Mstari ukijipinda, ama kitovu kimekosewa, ama sampuli imebanwa upande mmoja. Wanasayansi hao hawakuona haya kwenda jikoni kutafuta istilahi. Sisi tumezoea kwenda Kilatini, na nadhani woga huo umetugharimu. “Kata keki” inafaa kuandikwa kwenye kitufe leo hii.

Wala si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kilichokosekana kwa programu za maabara ni wanafunzi wa Kiswahili na wa fizikia kuketi mbele ya skrini moja, wakati sayansi ya sekondari na vyuo vikuu nchini Tanzania ingali ikifundishwa zaidi kwa Kiingereza.

Limebaki neno “difraksheni”. Lipo “mchepuko”, na najua kicheko kitakachozuka darasani, maana mitaani mchepuko una nyumba yake ya pili. Kicheko si hoja yangu. Kuchepuka ni kuiacha njia, ilhali madoa haya hutokea pale mawimbi yaliyotawanyika yanapokutana na kuimarishana. Hadi atakapotokea mmoja wenu na kitenzi kinachobeba kukutana huko, mkopo nauacha ulivyo.